Maziwa Huingia Mama Akiwa Ameshatoka Wodini

Mwanamke anayejifungua kwa njia ya kawaida katika hospitali kubwa ya umma hapa Kenya mara nyingi hulala usiku mmoja, kisha huambiwa ajiandae kwenda nyumbani. Kitanda kinangojwa, na huenda hata usiku huo mmoja alikilalia na mwenzake. Anapewa dawa za maumivu na kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto, anaitiwa teksi au bodaboda, basi. Muda huo matiti yake yana matone machache tu, mazito, ya rangi ya njano. Maziwa yale mengi, yanayojaa hadi yakalowesha nguo, huingia siku ya pili au ya tatu. Kwa aliyezaa mara ya kwanza au aliyepasuliwa yanaweza kuchelewa zaidi. Hospitali inakuwa imeshamaliza kazi yake wakati kunyonyesha ndiko kwanza kunaanza.

Siku ya tatu ndipo mambo huharibika. Matiti yamejaa na kukaza, yanauma yakiguswa. Chuchu zimechubuka kwa sababu mtoto amekuwa akivuta ncha tu tangu azaliwe na hakuna aliyeliona hilo. Usiku analia, anawekwa titini, ananyonya dakika mbili, anasinzia, anaamka, analia tena. Nyumbani yupo mama mkwe, yupo shangazi, yupo jirani wa mlango wa pili, na kila mmoja ana neno. "Huyu hashibi." "Maziwa yako mepesi sana." "Mpe maji kidogo, koo limemkauka." Glukosi inauzwa duka la kona, dawa ya tumbo la mtoto ipo, maziwa ya kopo yapo. Wengi wanaoacha kumlisha mtoto maziwa ya mama pekee walishaambiwa faida zake tangu kliniki ya ujauzito. Wanaweza hata kukutajia miezi sita bila kukosea. Wanashindwa usiku ule wa tatu, na hakuna wa kumpigia simu.

Ndiyo maana naona tunapoteza nguvu nyingi mahali pasipo na shida. Mabango ya kuhimiza kunyonyesha yamejaa kwenye kuta za zahanati. Kila Agosti, Wiki ya Unyonyeshaji Duniani ikifika, viongozi huvaa fulana na kuhutubia. Mama hana uhaba wa mahubiri. Anachokosa ni mtu anayejua kazi hii aketi karibu naye dakika 20, amtazame mtoto akinyonya mwanzo hadi mwisho, amwambie: hapa sawa, hapa mgeuze kidogo.

Takwimu za taifa zinaelekeza huko huko. Utafiti wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2003 ulikuta kwamba ni asilimia 13 tu ya watoto wa Kenya walio chini ya miezi sita waliokuwa wakinyonya maziwa ya mama pekee. Ule wa 2008 na 2009 ukapata asilimia 32, na wa 2014 ukapata 61. Kwa muda wa miaka 11 hilo ni badiliko kubwa, na waliolifanyia kazi wanastahili heshima. Kisha mwendo ukasimama: utafiti wa 2022 ulipata asilimia 60. Sasa weka takwimu nyingine pembeni. Mwaka 2014, mwaka mmoja baada ya serikali kufuta ada za kujifungua katika hospitali za umma, asilimia 61 ya watoto walizaliwa katika vituo vya afya. Kufikia 2022 walikuwa asilimia 82. Akina mama wengi zaidi wanapita mikononi mwa wauguzi na wakunga, lakini unyonyeshaji umebaki pale pale.

Sisemi hospitali pekee ndizo zilizosababisha mkwamo huo. Katika vitongoji vya Korogocho na Viwandani jijini Nairobi, watafiti wakiongozwa na Elizabeth Kimani-Murage walichapisha mwaka 2011 matokeo yaliyoonyesha kwamba ni kama asilimia mbili tu ya watoto walionyonya maziwa ya mama pekee hadi mwezi wa sita. Mama wa vibarua wa siku kwa siku anarudi kufua nguo za watu mtoto akiwa na wiki chache, na hospitali haiwezi kumlipia kodi ya nyumba. Hata hivyo, ikiwa zaidi ya wanawake wanane kati ya kumi wanazaa chini ya paa la kituo cha afya, na matokeo hayasogei, ni halali kuuliza hufanyika nini chini ya paa hilo. Jirani zetu wa Tanzania wamepanda polepole bila kurudi nyuma: asilimia 41 katika utafiti wa 2004 na 2005, 50 mwaka 2010, 59 katika ule wa 2015 na 2016, na 64 mwaka 2022.

Tuanzie leba. Mtoto akitoka salama, mazoea ya wodi nyingi ni kumfuta, kumpima uzito, kumvisha, kumfunga khanga na kumlaza kando chini ya taa ya joto, huku mama akishonwa. Vyote hivyo vina sababu yake, na vingi vinaweza kusubiri saa moja. Mtoto mchanga aliyelazwa kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, wakafunikwa pamoja, hupata joto la kumtosha. Katika saa hiyo ya kwanza huwa macho kuliko atakavyokuwa muda mrefu baadaye. Ukimwacha, hujivuta taratibu, hulamba, hutafuta, na wengi hulifikia titi wenyewe. Saa hiyo ikipita husinzia usingizi mzito, na mama aliyetolewa leba bila kumnyonyesha anaweza kukaa hadi jioni mtoto hajafungua kinywa. Mizani haiibiwi. Kilo tatu za saa mbili asubuhi zitakuwa kilo tatu saa tatu.

Kwa wanaojifungua kwa upasuaji, ambao utafiti wa 2022 uliwakuta kuwa asilimia 17 ya wazazi wote nchini, hali ni ngumu zaidi. Siku hizi wengi huchomwa sindano ya uti wa mgongo, wako macho kabisa, wanasikia mtoto akilia upande wa pili wa pazia. Kumlaza kifuani wakati mama anashonwa kunawezekana, lakini kunahitaji mtu mmoja wa ziada chumbani mwenye kazi hiyo tu. Asipokuwepo, mtoto hupelekwa kwa jamaa au chumba cha watoto, na mama humwona baada ya saa kadhaa akiwa na kidonda, mpira wa mkojo na mkono wenye dripu. Mama huyu hawezi kukaa akampakata kama wengine. Afundishwe kulala ubavu, au kumshika mtoto chini ya kwapa miguu ikielekea mgongoni, ili asiguse mshono. Ni maelekezo ya dakika tano, na asiyeyapata huteseka wiki nzima.

Halafu kuna hiyo kazi yenyewe ya kutazama. Mtoto aliyeshika titi vizuri amefungua kinywa wazi, kidevu kimegusa titi, mdomo wa chini umepinduka nje, na sehemu nyeusi inayozunguka chuchu inaonekana zaidi juu ya mdomo kuliko chini. Mwili wake wote umemwelekea mama, hakupinda shingo. Anavuta mara kadhaa kwa nguvu, anatua, na unasikia akimeza. Mama akihisi maumivu makali yanayoendelea, mtoto ameshika vibaya, na dawa yake si kuvumilia. Atie kidole kisafi pembeni mwa kinywa kumwachisha, aanze tena. Muuguzi mzoefu hutambua haya kwa jicho moja. Tatizo ni kwamba jicho hilo halifiki kitandani. Zamu ya usiku ina wauguzi wachache mno kwa wodi nzima, kuna anayevuja damu, kuna mwenye shinikizo la damu lililopanda, kuna faili za kujaza. Anayelia kwa sababu chuchu inauma hupewa sentensi moja kutoka mlangoni: "Mama, nyonyesha mtoto."

Na sentensi hiyo ikitolewa kwa ukali, mlango umefungwa. Msichana wa miaka 18 aliyekemewa leba hatauliza swali wodini. Atasema "sawa sista" na kungoja mama yake aje na chupa ya uji.

Kuna jambo lingine ambalo wauguzi wenyewe wanalijua ila hawapewi nafasi ya kulieleza: tumbo la mtoto wa siku moja ni dogo sana. Kijiko kimoja cha chai cha yale maziwa ya njano ya mwanzo kinamtosha kwa mlo mmoja, na ndani yake mna kinga ambayo haiuzwi dukani. Mama aliyeelezwa hivyo akiona matone hashtuki. Aliyeachwa kubahatisha huona matiti matupu. Vilevile aambiwe kwamba mtoto hupungua uzito kidogo siku za mwanzo kisha huurudisha, kwamba kunyonya mara nane hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo, ni kawaida, na kwamba kuanzia siku ya tano nepi sita au zaidi zilizolowa kwa saa 24 zinaonyesha maziwa yanatosha. Nepi ni ushahidi ambao hata mama mkwe hawezi kuupinga.

Nimemtaja mama mkwe mara mbili na sina nia ya kumfanya adui. Ndiye atakayekuwepo usiku wa tatu, muuguzi akiwa kwake amelala. Hospitali nyingi humfungia nje ya lango hadi saa ya kutazama wagonjwa, kisha zinashangaa mafunzo yanapovunjwa nyumbani. Ingekuwa busara kumketisha pamoja na mkwewe wakati wa maelekezo na kumsikiliza anachoamini. Tanzania Bara, kwa mfano, bado kuna shutuma ya kumbemenda mtoto: mama akidaiwa kukutana na mwanamume mapema, huambiwa maziwa yameharibika na mtoto aachishwe. Hakuna mzazi atakayeileta hofu hiyo kwa daktari kwa hiari yake. Mkunga anayeijua jamii yake huitaja kwanza yeye, kwa upole, na kuimaliza papo hapo.

Kwamba hospitali ikijipanga mambo hubadilika, hilo halina ubishi tena. Katika miaka ya 1970, Dkt. Natividad Relucio-Clavano, mkuu wa idara ya watoto katika Hospitali Kuu ya Baguio nchini Ufilipino, alikuwa akiendesha wodi kama alivyofundishwa: watoto chumba chao, mama zao chumba chao, chupa kwa ratiba. Kisha akabadili mkondo. Alifunga chumba cha watoto, akawarudisha vitandani kwa mama zao, akang'oa mabango yenye picha za chupa na kuwafungia mlango mawakala wa kampuni za maziwa. Kumbukumbu za karibu watoto 10,000 waliozaliwa hapo kati ya 1973 na 1977 zilionyesha vifo na maambukizi, hasa ya kuhara, vikishuka sana baada ya mabadiliko hayo. Hakujenga jengo jipya.

Ushahidi mzito zaidi ulitoka Belarus. Michael Kramer na wenzake walizigawa hospitali 31 kwa bahati nasibu: nyingine zikaendelea na utaratibu wa zamani, nyingine zikafunza wahudumu wao kusaidia unyonyeshaji kwa kufuata mpango wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF. Walifuatilia mama na watoto zaidi ya 17,000, wakachapisha matokeo mwaka 2001. Mtoto akiwa na miezi mitatu, waliokuwa wakinyonya maziwa ya mama pekee katika kundi la hospitali zilizofunzwa walikuwa asilimia 43. Katika kundi lingine, asilimia sita. Magonjwa ya tumbo pia yalipungua. Jambo moja katika utafiti huo hunifikirisha kila nikiusoma. Wakati ule mwanamke wa Belarus aliyejifungua alikaa hospitalini karibu wiki nzima, na akitoka, kliniki ya mtaa wake nayo ilikuwa imefunzwa. Siku ya tatu ilimkuta angali mikononi mwa watu wanaojua.

Mpango wenyewe si mgeni kwetu. Hatua kumi za kunyonyesha kwa mafanikio zilitangazwa mwaka 1989, na 1991 ukaanzishwa mradi wa hospitali rafiki kwa mtoto, uliopokelewa vizuri Kenya na Tanzania, vyeti vikatundikwa ukutani. Mwaka 2018 hatua hizo zilifanyiwa marekebisho, uzito ukawekwa kwenye ujuzi wa mhudumu badala ya idadi ya saa alizokaa darasani. Naona hapo ndipo penye kiini. Kozi ya zamani ya saa 20 ilikuwa zaidi ya slaidi na daftari, sehemu ndogo ikiwa ya vitendo. Mtu hajifunzi kumsaidia mama mwenye chuchu zilizopasuka kwa kutazama ukuta wa ukumbi wa hoteli. Angepelekwa wodini asimamiwe akiwasaidia akina mama watano mfululizo, mbele ya mkunga aliyebobea, angetoka na kitu mkononi.

Wimbi lile la miaka ya 1990 lilipunguzwa nguvu na hofu nyingine. Ilipothibitika kwamba virusi vya ukimwi vinaweza kupita katika maziwa ya mama, ushauri ukageuka, na wanawake wenye virusi wakaelekezwa kwenye maziwa ya kopo. Kopo lililofukuzwa wodini likarudi likiwa na baraka za wataalamu. Mwaka 1999 Anna Coutsoudis na wenzake wa Durban walionyesha kwamba watoto wa mama wenye virusi waliolishwa maziwa ya mama pekee waliambukizwa kidogo kuliko waliochanganyiwa titi na vyakula vingine. Botswana, ambako serikali iliwapa mama hao maziwa ya kopo bure, mvua kubwa za mwanzoni mwa 2006 zilichafua maji. Mlipuko wa kuhara ukaua mamia ya watoto, na wengi wao hawakuwa wakinyonya. Tangu 2010 mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uko wazi kwamba mama anayetumia dawa za kufubaza virusi anaweza kunyonyesha, maziwa yake pekee kwa miezi sita, na Kenya inafuata hivyo. Lakini ushauri uliogeuka mara mbili katika kizazi kimoja cha wauguzi uliacha makovu. Bado wapo wahudumu wanaoshusha sauti na kusitasita mbele ya mama mwenye kadi ya CCC, kliniki ya wenye virusi, naye husoma kusita huko kama katazo.

Kuhusu biashara ya maziwa ya kopo sitasema mengi, kwa sababu sheria ipo na ni nzuri. Tangu daktari Cicely Williams ahutubie Singapore mwaka 1939 akiyaita madhara ya biashara hiyo mauaji, ilichukua miaka zaidi ya 40 hadi Mkutano wa Afya Duniani upitishe kanuni ya kudhibiti matangazo hayo, Mei 1981, kwa kura 118 dhidi ya moja ya Marekani. Sheria ya Kenya ya 2012 inakataza kampuni kupeleka zawadi, sampuli na matangazo katika vituo vya afya. Kalamu, kalenda na semina za chakula cha mchana ni zawadi pia. Wapo watoto wanaohitaji maziwa mbadala kwa sababu za kitabibu, na hospitali inapaswa kuyanunua kwa bajeti yake kama inavyonunua dawa, yatolewe kwa maandishi ya daktari, mama asiyeweza kunyonyesha afundishwe kuyatayarisha bila kuaibishwa. Msaada usiomhudumia huyo ni nusu msaada.

Hospitali za kulipia zina kosa lao. Huko vitanda havikosekani. Lakini kwa jina la kumpumzisha mama, mtoto huchukuliwa usiku na kuletwa asubuhi ameshiba kwa chupa, na mama anashangaa mbona hataki titi. Ukilipa zaidi, kuna mshauri wa unyonyeshaji atakayekuja kurekebisha kilichoharibiwa usiku.

Sehemu ambayo wauguzi wetu wamenifundisha mengi ni wodi ya watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Mtoto wa kilo moja na robo hawezi kunyonya, kwa hiyo mama hukamua. Hukamua kwa mkono, kuanzia saa chache baada ya kujifungua, mara nane au zaidi kwa siku, usiku pia, na mara za kwanza hupata matone yasiyofunika sehemu ya chini ya kikombe. Matone hayo hupelekwa kwa mpira mwembamba unaopita puani hadi tumboni. Baadaye mtoto hunyweshwa kwa kikombe kidogo, akilamba mwenyewe. Kikombe ni rahisi kuosha kuliko chupa na hakimzoezi mtoto kunyonya kwa namna nyingine. Hapa ujuzi ni mkubwa na vifaa ni vichache, na matokeo hutegemea kitu kimoja ambacho wasanifu wa majengo ya hospitali hukisahau kila mara: mahali pa mama kukaa. Wengi hukaa kwenye benchi la korido, au huruhusiwa kwenda nyumbani huku mtoto akibaki, na mama anayetumia nauli ya mbali hawezi kuja kukamua kila saa tatu. Maziwa hukauka.

Njia ya kangaruu, ya kumfunga mtoto kifuani, ilianzishwa na Dkt. Edgar Rey huko Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, kwa sababu mashine za joto hazikutosha. Kwa muda mrefu ilitumika baada ya mtoto kutulia. Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali za nchi tano, Tanzania ikiwa mojawapo pamoja na Ghana, India, Malawi na Nigeria. Watoto wadogo walianza kufungwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, na vifo vikapungua kwa robo ikilinganishwa na utaratibu wa kawaida. Ili hilo liwezekane, hospitali zile zililazimika kuweka vitanda vya mama ndani ya wodi ya watoto wagonjwa. Gavana anayepanga kuzindua mashine mpya ya joto mbele ya kamera angeuliza kwanza kitanda cha mama kiko wapi.

Kwa watoto ambao mama zao wamefariki au ni wagonjwa mno, Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, Nairobi, ilifungua mwaka 2019 benki ya kwanza ya maziwa ya mama nchini. Wanawake wenye maziwa ya ziada huchangia kwa hiari baada ya kupimwa magonjwa, na maziwa hupashwa joto la nyuzi 62.5 kwa dakika 30 kisha hugandishwa. Ni huduma ya maana. Wazo hilo likifika Pwani litakutana na swali la undugu wa kunyonya, kwa kuwa katika Uislamu walionyonyeshwa na mwanamke mmoja hawaoani. Baraza la fikihi la Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu lilizikataa benki hizo mwaka 1985, ilhali wanazuoni wengine, akiwemo Yusuf al-Qaradawi, waliziruhusu. Hospitali itakayotaka kuanzisha yake Mombasa au Lamu ikae na masheikh kabla ya kuagiza majokofu, na iweke kumbukumbu za nani alimchangia nani.

Turudi kwa mama aliye njiani kwenda nyumbani na kijitabu chake. Mtoto ameshachomwa BCG na kupewa tone la polio. Chanjo inayofuata ni ya wiki ya sita. Miongozo inasema aonekane tena ndani ya siku tatu na ndani ya wiki mbili, ila wengi wanaijua tarehe ya chanjo tu, kwa sababu ndiyo iliyoandikwa kwa kalamu. Kati ya siku ya kwanza na wiki ya sita kuna shimo, na usiku wa tatu umo humo ndani. Septemba 2023 serikali ilizindua jeshi la wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, kila mmoja na mkoba, simu na kaya anazozijua kwa majina. Sioni kwa nini hospitali haiwezi, mama anapotoka, kumtumia mhamasishaji wa mtaa wake ujumbe mfupi kwamba fulani amejifungua, mtembelee keshokutwa. Simu zipo na watu wapo. Kinachokosekana ni kuifanya kuwa sehemu ya utaratibu wa kutoka, kama ilivyo risiti ya malipo.

Hospitali nazo zijitazame kama waajiri. Muuguzi hurudi kazini baada ya likizo ya miezi mitatu, anaingia zamu ya saa 12, na matiti yanamvuja huku akiwafundisha wengine umuhimu wa miezi sita. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea. Mwaka 2019 mbunge Zuleikha Hassan wa Kwale alitolewa ukumbini kwa kuingia na mtoto wake wa miezi mitano, na nchi nzima ikajadili wiki moja. Wauguzi wanaokamulia maziwa kwenye stoo ya mashuka hawajadiliwi.

Yote haya yana gharama, na sitajifanya kwamba wauguzi wachache waliopo wanaweza kuongezewa mzigo bila kuongezewa mikono. Lakini baadhi ya kazi hii haihitaji shahada. Wanawake waliokwisha kunyonyesha, wakifunzwa vizuri na kulipwa posho ya haki, wanaweza kuzunguka wodi asubuhi na jioni kwa kazi moja tu, ya kutazama watoto wakinyonya na kumwita mkunga panapokuwa na tatizo. Kaunti zinazolipa walinzi wa lango haziwezi kusema hazina uwezo wa kulipa hao.

Kwa matroni na wasimamizi wa wodi za uzazi, ombi langu ni dogo. Ongezeni mstari mmoja kwenye fomu ya kumruhusu mama kutoka: nani alimtazama mtoto huyu akinyonya, saa ngapi, na sahihi yake. Mstari ukiwa mtupu, mama asitoke. Na wewe msomaji, ukiwa ndiye mzazi, au mume, au dada aliyekuja na teksi kuwachukua, msifunge mzigo kabla ya kumwita muuguzi kitandani aje aangalie. Ni haki yenu, na mwombeni na namba ya simu ya wodi.